Ujira wa Punda Wakati wa Kiangazi

Katika mkutano wa wazee wa kanisa uliofanyika mwezi wa Mei, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama aliomba nafasi ya kusema, nasi tulidhani atasema juu ya bati zinazovuja. Hakusema juu ya bati. Aliuliza: "Je, kumfungia punda usiku kucha bila majani ni dhambi au si dhambi?" Baadhi yetu tulicheka. Mzee mmoja, hodari wa majibu, akamwambia, "Mama, punda si Mkristo." Mama yule hakuketi. "Sawa, Mzee wangu," akasema, "lakini maji ya ubatizo mwaka jana yaliletwa na nani?"

Tukanyamaza sote, maana kila mmoja wetu alimkumbuka punda yule. Twaandika haya kwa sababu yake, na kwa sababu wasomaji wetu wengi, tangu mabondeni Korogwe mpaka vijiji vya ndani vya Handeni, wana punda zizini, nacho kiangazi kimekwisha kuingia.

Yafaa tuungame kwanza. Mtaa wetu ulikuwa na punda jike mmoja, aliyenunuliwa kwa michango ya Wakristo ili achote maji ya kufyatulia matofali ya nyumba ya Padre. Mwaka ule bomba lilikauka mapema, na lambo lenye maji lilikuwa umbali wa kilometa 6. Alikwenda safari mbili kwa siku, na kila safari alirudi na madumu manne. Dumu moja ni lita 20, yaani kilo 20. Manne ni kilo 80, na punda wetu hawa wadogo huenda mwenyewe hakufika kilo 150. Jioni alifungiwa katika zizi la ng'ombe wa jirani, kwa kuogopa fisi. Mwishoni mwa Oktoba alilala njiani na mzigo wake, karibu kabisa na kanisa, asiinuke tena.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyesema asipewe chakula. Kijana aliyemswaga alidhani mlinzi humpa majani usiku. Mlinzi alidhani amekwisha kushiba mchana. Wazee tulidhani mambo hayo yana wenyewe. Sisi tuliokulia katika vijiji vya ujamaa twajua vizuri jinsi kitu cha wote kinavyoweza kukosa mwenyewe. Hata hivyo tusijifiche nyuma ya neno hilo, kwa kuwa wako punda wengi wenye bwana mmoja ajulikanaye kwa jina, nao mwezi wa Oktoba mbavu zao huhesabika kutoka barabarani.

Lakini kosa letu lilikuwa nini hasa? Si ukatili. Tulifikiri punda ni ng'ombe asiye na pembe. Ng'ombe, akifika malishoni, hukata majani upesi na kuyameza, tumbo likajaa. Akirudi zizini hulala na kucheua mpaka alfajiri. Chakula chake cha usiku amekibeba mwenyewe tumboni. Punda hacheui. Tumbo lake ni dogo, na majani huyatafuna mara moja tu, polepole, kidogo kidogo. Akiachwa huru hula zaidi ya nusu ya saa 24, mchana na usiku. Kwa hiyo zizi lile lile ambalo kwa ng'ombe ni chumba cha kulia, kwa punda ni gereza la njaa. Ng'ombe wa jirani walicheua usiku kucha, na mnyama wetu alisimama katikati yao akisikiliza.

Tena hesabu hii huzidi kuwa mbaya kadiri kiangazi kinavyoendelea. Wakati wa masika maji yako karibu, majani ni mabichi, punda hana kazi kubwa, naye hunenepa. Baada ya Juni majani hukomaa, mbegu huanguka, na shina lililobaki ni kama kijiti. Ili ashibe kwa vijiti vile punda anahitaji saa nyingi zaidi za kula kuliko wakati wa masika. Na hapo ndipo maji yanapokuwa mbali, sisi tukamwongezea safari. Twampunguzia saa wakati ule ule anapozihitaji. Punda jike hubeba mimba karibu miezi 12, basi hakuna mtoto wa punda aliyezaliwa Handeni ambaye mama yake hakupita naye katika kiangazi.

Uingereza wako watu wafugao farasi wadogo ambao hukaa nje mwaka mzima, hata wakati wa baridi kali. Katika miezi ile majani hayaoti, na yaliyosimama hayana nguvu. Mwenye farasi hukata majani wakati wa joto, yakiwa bado na ubichi wake, huyakausha juani, huyaweka ghalani. Na siku za baridi humpelekea farasi wake mzigo wa majani huko nje aliko. Kwetu hakuna theluji, na farasi hawastawi kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa farasi. Lakini kiangazi chetu ni ndugu wa baridi yao: ni miezi ambayo nchi haimlishi mnyama, na mtu aliyemfunga hana budi kumlisha. Tofauti ni kwamba farasi wao wengi wakati ule hupumzika, na punda wetu wakati huu ndipo anapofanya kazi kuliko miezi yote.

Turudi kwa swali la yule mama. Wengi tukimwona punda aliyekonda twasema, "Maskini, mwonee huruma." Huruma ni njema, ila sisi twadhani neno hilo halitoshi. Kumpa punda majani si sadaka. Ni kulipa deni.

Tumtazame pundamilia, ndugu yake mwenye milia, kule Mkomazi. Kiangazi kikiwa kikali pundamilia hufa, nasi twasikitika, lakini hakuna awezaye kutushtaki kwamba hatukumpelekea majani. Kwa nini? Kwa sababu hatukumzuia kwenda kuyatafuta. Mvua ikinyesha upande wa pili yeye huondoka na kuifuata. Punda naye alikuwa na miguu ya kumfikisha huko, tena ni mnyama wa nchi kavu tangu asili yake, ajuaye kuishi kwa majani magumu kuliko farasi. Tulipomtia kamba tulimwondolea uwezo ule wa kujitafutia. Basi kazi ya kutafuta, ambayo ilikuwa yake, imehamia kwetu pamoja na kamba.

Wazee wa Korogwe waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge watatuelewa upesi. Manamba walioletwa kutoka nchi za mbali walipewa posho ya unga na maharage. Tajiri wa mkonge hatukumhesabu kuwa mtakatifu. Lakini hata yeye alijua kwamba mtu aliyemtoa kwao, akamweka kambini, akamshika kazini tangu alfajiri, hana shamba wala nafasi ya kulima, kwa hiyo lazima alishwe. Angemwambia, "Nakupa ruhusa ujitafutie," huku saa zote amezichukua, tungemwita mwongo. Sasa sisi tumemwambia punda maneno gani? Twamfungua saa moja asubuhi, twamtia shogi mgongoni, twamrudisha magharibi, kisha twasema kwamba punda hujilisha mwenyewe.

Lugha yetu wenyewe inatuumbua. Twasema "ahsante ya punda ni mateke," na neno hilo limetufaa sana, maana mtu akiamini kwamba mnyama hana shukrani huona hana haja ya kumshukuru. Lakini aliyewahi kuangalia jinsi punda anavyorudi njia ile ile ya lambo bila kuongozwa, akasimama mlangoni na mzigo mpaka apokewe, atajiuliza ni nani hasa kati yao asiyeshukuru. Na ile methali nyingine, "punda afe mzigo ufike," twaisema kwa kicheko tukisukumana kazini. Waliotangulia waliiona ikitendeka bila kicheko.

Mwezi wa Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kufuata bonde la Pangani, yakaingia Korogwe, kisha Handeni. Yalikuja na farasi, nyumbu na punda wengi mno. Wanyama hao walikufa kwa maelfu mwaka ule, kwa mbung'o, kwa ugonjwa, kwa kazi na kwa uhaba wa chakula. Mizigo haikusimama. Walipokwisha wanyama iliwekwa vichwani mwa watu, na katika vita ile wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi, si kwa risasi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake wakati huo ilifika mpaka kwetu huku, aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar mwaka 1916, akitembea pamoja nao. Hatusemi kwamba mtu na punda ni sawa. Twasema kwamba kanuni ya mzigo kufika kwa gharama yoyote haikuishia kwa punda.

Tumeulizwa pia juu ya Maandiko. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 25, inakataza kumziba kinywa ng'ombe anapokanyaga nafaka. Na katika Kutoka sura ya 23 punda ametajwa kwa jina miongoni mwa wale watakaopumzika siku ya saba. Lakini mzee wetu hodari wa majibu alitukumbusha kwamba Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anauliza kama Mungu anajishughulisha na ng'ombe, naye analigeuza neno lile lihusu riziki ya wahubiri. Ni kweli. Ila tuifuate hoja yake mpaka chini. Paulo anasema mhubiri astahili kula kwa kazi yake kama vile yule ng'ombe. Kama si haki ng'ombe ale, mfano huo haumpi mhubiri kitu. Hakuna awezaye kusimamisha ghorofa akikana msingi. Na Padre wetu, aliyekuwa akisikiliza kimya, alisema yeye kwa upande wake angependa ng'ombe yule ale vizuri.

Liko pingamizi zito zaidi, nalo halikutoka kwa mzee bali kwa kijana mmoja mwenye watoto wanne. Alisema, "Mwaka wa njaa mnataka nimpe punda pumba, na mtoto alale na uji mwepesi?" Handeni si mahali pa kulijibu swali hilo kwa wepesi. Wako kati yetu wakumbukao ukame wa 1974 na unga wa mahindi ya manjano ulioletwa kutoka ng'ambo, na wazazi wao waliwasimulia njaa zilizotangulia. Katika nyumba yenye njaa pumba ni chakula cha watu. Jibu letu kwake ni hili: mpe mtoto. Hakuna haya katika jambo hilo, na asiyekubali hajawahi kulala na mtoto mwenye njaa.

Lakini tukikubali hivyo hatujamaliza. Kwanza, punda haombi sahani ya mtoto. Anaomba mabua, maganda ya maharage, majani ya karanga na nyasi kavu, vitu ambavyo hakuna mtoto avilaye. Kinachomgharimu mwenye punda ni jasho la kuvikusanya. Pili, asiyeweza kumlipa kibarua hamwiti kazini. Ikiwa mwaka ni mbaya hata majani hayapatikani, basi safari ziwe moja badala ya mbili, na madumu mawili badala ya manne, na saa zilizobaki apewe akatafute. Kijana alisema, "Basi maji ya pili nitachota mimi kichwani." Tulimwambia ndiyo, au mkeo, na huenda ndipo tutakapojua maji yale yalikuwa na thamani gani. Hakufurahi, wala hatukudai afurahi. Jambo hili bado linatusumbua, maana twajua kwamba katika nyumba nyingi atakayebeba dumu lile si mwanamume aliyeahidi mkutanoni.

Kwa vitendo, sehemu ngumu ya deni hili ni kwamba hulipwa wakati usiodaiwa. Majani ya kukata ni yale yanayoanza kutoa maua, mwishoni mwa masika, mwezi wa Mei na mwanzo wa Juni. Wakati huo punda ni mnene, anang'aa, na mtu akipita na mundu jirani humwuliza kama amerogwa. Akingoja mpaka Agosti atakata vijiti. Yakikatwa yatandazwe juani siku mbili au tatu na kugeuzwa, kisha yawekwe chini ya paa, juu ya fito, yasiguse ardhi. Yakipata mvua na kuota ukungu yatupwe, kwa kuwa yatamdhuru. Mabua ya mahindi nayo yaletwe nyumbani mara baada ya mavuno, kabla ng'ombe hawajaingizwa shambani, kwani wakishapita haibaki hata ganda. Punda atakula majani yake na kuacha mashina. Hiyo si deko, mashina hayana kitu.

Na moto wa kichaa! Kila mwaka twateketeza vilima vizima, mara kwa uzembe, mara kwa kuwinda panya, halafu mwezi wa Oktoba twatembea kutwa nzima kutafuta majani ambayo sisi wenyewe tuliyafanya majivu. Juu ya hili hatuna la kumlaumu mgeni yeyote.

Kiasi chenyewe si cha kutisha. Punda mdogo hutosheka na kilo 2 hadi 3 hivi za majani makavu kwa siku, zaidi kidogo akiwa na kazi au mimba. Akipata nusu yake malishoni, nusu nyingine iwekwe zizini usiku, mahali ng'ombe wasipofika. Pumba kidogo, konzi mbili tatu, humsaidia siku za kazi. Lakini mtu asidhani atalipa mwezi mzima wa njaa kwa ndoo moja ya pumba, maana tumbo litamsokota na pengine atakufa. Apewe na chumvi. Na lambo likifikiwa anywe kwanza, anywe mpaka aondoe kichwa mwenyewe, ndipo madumu yajazwe. Tumeona kwa macho yetu punda akipita na lita 80 mgongoni, ulimi umekauka. Atakaye kujua hali ya mnyama wake asingoje mbavu zionekane. Atie mkono ubavuni chini ya manyoya, kila juma, kama mama apimavyo homa ya mtoto.

Miaka ya karibuni tulikasirika sana juu ya ngozi za punda. Ilijulikana kwamba China wanatengeneza dawa kwa ngozi hizo, na machinjio yakafunguliwa Kenya na hapa kwetu, wizi wa punda ukaongezeka. Februari 2024, huko Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini punda wetu wa mtaa hakuuawa na mfanyabiashara wa ngozi. Alikufa katikati ya Wakristo, akileta maji yao. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amlishe na kumpa maji; nasi wazee tulikuwa hatujawahi kuisikia mpaka mwaka huu.

Baada ya mkutano ule tuliamua mambo machache. Mtaa umenunua punda wawili, kwa sababu punda hapendi upweke na kwa sababu mzigo ukigawanywa hupungua. Mwenye dhamana yao ametajwa kwa jina katika daftari la kanisa, naye ni yule mama aliyeuliza. Alikubali kwa sharti kwamba wanaume wakate majani, na wanawake wasiongezewe kazi hiyo. Wiki mbili za kwanza za Juni, kila Jumamosi, tulikata. Tulipata matita 70, kila tita karibu kilo 8. Tulipiga hesabu: punda wawili, kilo 4 kwa usiku, tangu Julai mpaka vuli ianze, ni matita 60, yale 10 ni akiba vuli ikichelewa.

Matita yamewekwa nyuma ya sakristia. Juma lililopita tuliyahesabu tena, tukakuta akiba yote imekwenda. Imeliwa na mbuzi. Mbuzi wenyewe ni wa yule mzee hodari wa majibu, naye hajajibu bado.